Ndama Aliyevaa Sare

Nyumba yetu ilikuwa na sura mbili. Ukiingia kwa mbele, kutoka barabarani, ulikuta chumba cha ushoni: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa, pasi ya mkaa, na vumbi la nyuzi likielea kwenye mwanga wa dirisha. Ukivuka korido na jiko, mlango wa nyuma ulikutoa moja kwa moja kwenye banda la ng'ombe. Wateja waliokuja kupimwa nguo walizoea kusikia ng'ombe akilia katikati ya vipimo. Baba, bila kuinua macho kutoka kwenye futi yake, alikuwa akiwaambia, "Usijali, huyo anauliza kiuno ni ngapi."

Sasa ninaishi ghorofani, katika jengo lisiloruhusu hata paka, na maziwa nayanunua ya pakiti. Lakini kuna asubuhi ambapo usingizi unanitoka nikiwa na hakika kabisa kwamba nimesikia ndoo zikigongana uani na Mama akiwaambia ng'ombe wake wasogee. Nabaki nimelala hivyo hivyo kidogo, sitaki kufumbua macho.

Baba alikuwa fundi wa sare za shule. Ng'ombe walikuwa wa Mama. Alianza na mmoja, Bi Mkubwa, kabla mimi sijazaliwa, wakafuata Sukari na Chapakazi, na kila mmoja alikuwa na mahali pake bandani na tabia zake. Bi Mkubwa hakukubali kukamuliwa na mtu asiyemsalimu. Baba alipenda kuwaambia watu kwamba yeye alioa ng'ombe, mke akapewa kama nyongeza. Mama alikuwa akijibu kutoka uani, "Na nyongeza ndiyo inayokupikia!"

Nilipokuwa naanza mwaka wangu wa mwisho shuleni, Mama alinunua ng'ombe wa nne. Shamba moja la mbali lilikuwa linafungwa, mwenyewe anahamia kwa watoto wake, akawa anaiuza mifugo yake. Mama akachagua jike jeusi lenye kiwele kizuri na mimba iliyokwisha kuonekana. Tukamwita Mgeni. Alishuka kwenye lori ametulia kama mtu aliyekuja kwa ndugu zake, akala, akanywa, akalala. Mama alimzunguka akimtazama kila upande, kisha akasema, "Huyu ametuletea wawili kwa mpigo."

Mgeni alizaa asubuhi ya mvua. Ndama alikuwa jike, mdogo kama mbuzi, miguu inatetemeka, macho makubwa yasiyoelewa kitu. Alijaribu kusimama akaanguka, akajaribu tena akaanguka, akaacha. Mama akamkausha kwa gunia. Mimi nikamnywesha maziwa ya kwanza kwa chupa, kichwa chake nimekipakata, nikimbembeleza ameze. Mwili wake ulikuwa wa baridi.

Baba alikuja mlangoni na futi yake shingoni, akamtazama, akarudi ndani. Tukasikia cherehani. Aliporudi alikuwa na koti. Alikuwa amelikata kutoka mabaki ya kitambaa cha bluu cha sare, akaliwekea bitana nzito, vifungo viwili tumboni, na ubavuni kimfuko kidogo.

"Mfuko wa nini?" Mama aliuliza.

"Wa kalamu," Baba akasema, na akapiga magoti kwenye majani kumvalisha.

Basi jina likawa Mwanafunzi. Hakuna aliyekaa kikao kulichagua.

Alipona, au ndivyo tulivyoona. Alikua polepole mno. Ndama wengine wa rika lake mtaani walikuwa wameshamwacha mbali, na manyoya yake yalibaki yamesimama kama ya mtu aliyeamshwa ghafla. Lakini alikuwa na upendo wa ajabu. Alimfuata Baba kila mahali. Mlango wa nyuma ukisahauliwa wazi, aliingia, akapita jikoni, akavuka korido, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha cherehani akisikiliza. Watoto walioletwa kupimwa sare walipiga kelele za furaha. Mmoja alimwuliza mama yake kama yule naye anaanza darasa la kwanza. Baba alimshonea koti jingine la kwanza lilipombana, kisha jingine tena, na kila mara mfuko haukukosa.

Bandani alikuwa mtoto wa kila mtu. Alinywa kwenye kila ndoo, akalamba kila pua, akalala akiwa amemwegemea ng'ombe yeyote aliyemkuta amelala. Hata Bi Mkubwa, asiyependa mazoea, alimvumilia. Jioni, Mama akikamua na redio ikisema taratibu juu ya ukuta, mimi nilikaa kwenye kigoda na kichwa cha Mwanafunzi mapajani, na sidhani kama nimewahi kuketi mahali penye amani kama pale.

Kisha mambo yakaanza kuharibika.

Sukari alikuwa na mimba iliyokwenda vizuri. Siku moja tukaamka tukakuta ameitoa. Mama alikaa chini kwenye majani, mkono mdomoni. Tukasema labda aliteleza. Baadaye Chapakazi akazaa dume zuri, zito, na kabla hatujamaliza kulifurahia likapata kuhara. Lilihara maji matupu, yanayonuka, likakonda tukiliangalia. Tukalinywesha maji ya chumvi na sukari, tukalifunika, tukahangaika nalo. Likafa. Chapakazi mwenyewe naye akahara, maziwa yakamkauka karibu yote, ingawa yeye aliinuka.

Mama alibadilisha majani. Akabadilisha pumba. Akasugua ndoo mpaka zikang'aa, akapaka kuta za banda chokaa, akawapa ng'ombe dawa ya minyoo. Mwanafunzi peke yake ndiye aliyeendelea na maisha yake kama kawaida, akilamba watu mikono, hana habari.

Mtu akishindwa kupata sababu, anatafuta mtu. Mama akampata Mama Chupa.

Mama Chupa alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, mkunga mstaafu, aliyenipokea mimi mwenyewe nilipozaliwa. Jina lile alipewa kwa sababu ya chupa nene ya sharubati aliyokuja nayo kila asubuhi kuchukua maziwa ya chai. Yeye na Mama walikuwa wakisimama penye mlango wa banda wakizungumza mpaka chai ya kila mmoja wao inachelewa. Sasa ikatokea kwamba kabla tu ya Sukari kutoa mimba, Mama Chupa alikuwa amesimama palepale akasema, "Mwenzangu, banda limejaa! Unataka Mungu akupe nini tena?" Aliyasema kwa kucheka, kama alivyosema kila kitu. Lakini maneno yale yalimkaa Mama, na ndama alipokufa, yakaota mizizi.

Nilikuwepo asubuhi Mama Chupa alipokuja na chupa yake, akaikung'uta maji kama kawaida, akainyoosha.

"Maziwa yamekwisha," Mama akasema.

Ndoo ilikuwa katikati yao, imejaa, povu bado linapumua juu yake.

Mama Chupa aliitazama ndoo. Akamtazama Mama. Akarudisha kizibo kwenye chupa polepole, akakibana vizuri, akasema, "Haya, asubuhi njema," na akaenda zake.

Baba alisikia habari ile mchana. "Unamtuhumu mwanamke aliyekuzalisha?"

"Simtuhumu mtu," Mama akajibu. "Nimesema maziwa yamekwisha."

Toka siku ile hakuja tena. Asubuhi zetu zikawa kimya, na Mama akaanza kukamua kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza aondoke.

Ni Baba aliyemwita daktari wa mifugo. Watu walimwita Taratibu, kwa sababu hata pikipiki yake aliiendesha kama anasindikiza maiti. Alikuwa mwanaume mrefu, mpole, anayeongea na ng'ombe kabla ya kuongea na wenyewe. Alituuliza kila kitu tangu mwanzo: nani aliharisha, nani alitoa mimba, nani alinunuliwa wapi. Alisimama muda mrefu akimwangalia Mwanafunzi, ambaye tayari alikuwa anatafuna ncha ya koti jeupe la daktari.

"Huyu ana umri gani?"

Mama alipomwambia, daktari aliitikia kwa kichwa tu. Kisha akachukua kipande kidogo sana cha sikio kutoka kwa kila ng'ombe, akaweka kila kimoja kwenye kichupa chake, akavipeleka maabara.

Aliporudi alikuja kwa mlango wa mbele. Baba alikuwa kwenye mashine, Mama na mimi tunashona vifungo. Daktari alivua kofia, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Tumempata," akasema. "Ni virusi vya kuhara kwa ng'ombe. Binadamu haviwadhuru, msiwe na wasiwasi kwa hilo. Wakubwa wenu wote wako safi. Aliye navyo ni huyu mdogo."

Baba alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Mdogo yupi? Mwanafunzi? Daktari, huyo ndiye ambaye hajaharisha hata siku moja!"

"Najua, mzee wangu. Na ndiyo sababu." Akajaribu kutafuta maneno. "Mama yake, huko alikotoka, alipatwa na virusi hivi mimba ikiwa changa. Yeye akaumwa kidogo, pengine hata hakuna aliyegundua, akapona. Lakini vilishaingia tumboni. Mtoto akiwa bado mchanga namna ile, mwili wake haujajua kipi ni chake na kipi ni cha kuja. Ukavikuta virusi mle ndani, ukadhani ni sehemu yake. Kwa hiyo haupigani navyo. Hautapigana navyo kamwe. Vinaishi naye na vinatoka kwa mate, kwa pumzi, kwa kinyesi, kila siku ya maisha yake."

Mimi nilikuwa nawaza zile ndoo zote na zile pua zote.

"Lakini mara chache ng'ombe akiambukizwa baada ya kuzaliwa, kipimo huvionyesha kwa muda kisha vinaondoka," daktari akaendelea. "Kwa hiyo tutampima tena baada ya wiki chache. Vikiwa vimeondoka, tutashukuru. Mpaka hapo, mtengeni."

Tukamtenga. Baba alimjengea kibanda upande wa pili wa ua kwa mbao za zamani, na Mwanafunzi, ambaye hakuwahi kulala peke yake, alilia mpaka sauti ikamkauka. Baba alichukua cherehani ya mkono, ile ndogo, akaiweka kwenye meza nje ya kibanda, akawa anashonea pale. Alipozungusha mkono wa mashine, kilio kilinyamaza. Nguo alizoshona wiki zile zilikuwa na harufu ya ng'ombe, na hakuna mteja aliyerudisha hata moja.

Kipimo cha pili kikatoka vilevile.

"Hakuna dawa?" Mama akauliza. Walikuwa wamesimama uani, yeye na Baba na daktari, nami hatua chache kando.

"Hakuna, mama yangu."

"Nikimweka pale pale, peke yake, nikamhudumia kwa ndoo zake?"

"Siku moja kamba itakatika. Au virusi vitatoka na viatu vyako. Na kuna hili." Daktari alishusha sauti. "Wengi wa aina yake hawafiki mbali. Virusi vile vile hugeuka siku moja vikamla mwenyewe, mdomo na utumbo wote vinakuwa vidonda. Nimeona. Nisingependa binti huyu aone."

Kesho yake alikuja dalali wa mifugo, maana habari hazikai ndani ya ukuta. Aliegemea mlango wa duka, akiongea kwa sauti ya kirafiki. "Fundi, mtu gani anajua? Mtamba mzuri, mpole. Mpeleke mnadani, umalize mambo."

Baba alikuwa ameshika sindano mdomoni. Aliitoa. "Kuna mwanamke kama mke wangu huko mnadani, sivyo? Atamzunguka, atampenda, atampeleka kwake. Kisha nini?"

"Hayo si yako."

"Ndivyo alivyofikiri aliyetuuzia Mgeni, kama alijua." Akairudisha sindano mdomoni, na mazungumzo yakawa yameisha.

Siku yenyewe ya kuagana naye ilikuwa ya jua jepesi. Baba hakufungua duka. Mama alimpa Mwanafunzi pumba yenye chumvi, ile aliyokuwa akiipenda, na mimi nikamsugua kwa brashi mpaka manyoya yale yasiyolala yakalala kidogo. Daktari aliacha pikipiki mbali, akaja kwa miguu. Baba akasema yeye ndiye atakayemshika. Alikaa chini, akakipakata kile kichwa kama nilivyokipakata mimi asubuhi ya mvua, akawa anamwelezea kwa sauti ya chini jinsi ya kukata kola. Kwa kweli ndivyo alivyofanya. "Unaanza na kitambaa cha juu," alikuwa akisema, "unakikunja hivi, hukivuti, ukikivuta kitakasirika." Daktari akachoma sindano. Baba aliendelea na kola yake mpaka mwisho, mpaka kifungo, ingawa hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena.

Tukamzika nyuma ya ua. Mama aliosha kibanda, akazichoma zile mbao, akakaa akiutazama moto mpaka ukazimika.

Kisha akanawa uso, akavaa gauni lake la kutokea, akachukua jagi la maziwa.

"Njoo tuongozane," akaniambia. "Nikienda peke yangu nitageuka njiani."

Njia yenyewe ilikuwa hatua chache tu. Mama Chupa alifungua mlango akatukuta tumesimama kama wageni. Mama alikuwa amepanga maneno, nilimsikia akiyapitia jikoni, lakini yote yalimkimbia. Alichoweza kusema ni, "Haikuwa wewe."

"Nini haikuwa mimi?"

"Ndama. Mimba ya Sukari. Ni ugonjwa, ulikuja ndani ya tumbo la Mgeni. Daktari ameuona. Na mimi nikakuambia maziwa yamekwisha."

Mama Chupa alikuwa mwanamke mnene, mwenye uso mpana, na sikuwahi kuuona uso ule bila kicheko mpaka siku ile.

"Unajua kilichoniuma?" akasema. "Si kufikiriwa mchawi. Nimekuwa mkunga, nimefikiriwa mambo mengi. Kilichoniuma ni kwamba uliniacha nikawa nakusikia ukilia kupitia ukuta, na siwezi kuja."

Hapo Mama alivunjika. Walishikana palepale mlangoni, jagi likiwa katikati, na mimi nikalinyakua lisimwagike. Waliposhiba kulia wakaketi, na Mama akaeleza yote aliyoambiwa na daktari. Mama Chupa alisikiliza kama mtu wa kazi hiyo.

"Hata kwetu yapo," akasema. "Mama anapata kihoma, anasahau. Mtoto ndiye anayekibeba." Kisha kicheko chake cha zamani kikaanza kumpanda kutoka tumboni. "Ina maana miezi yote hii nimekunywa chai ya maji kwa sababu ya virusi!"

Ilibaki hofu moja. Bi Mkubwa alikuwa na mimba, na ilikuwa imeshika wakati Mwanafunzi bado analala ubavuni mwake. Daktari hakutuficha: ndama yule angeweza kuzaliwa vilevile. "Inategemea kama mwili wa mama yake ulishakutana na virusi na kuvishinda kabla ya mimba. Ukiwa ulivishinda, umemkinga mtoto. Hatutajua mpaka azaliwe." Akawachanja waliobaki na kutuambia tusubiri.

Tulisubiri. Matokeo yangu ya shule yalikuja katikati ya kusubiri kule, yalikuwa mazuri, na nakumbuka Baba alinipongeza, akanikumbatia, kisha akaenda kumwangalia Bi Mkubwa. Sikukasirika. Nilimfuata.

Alizaa alasiri, watu wote tukimkodolea macho, Mama Chupa amekunja mikono ya gauni akimwelekeza ng'ombe apumue. Ndama alikuwa jike jekundu, mzito, akasimama kabla hajakauka, akaelekea kiweleni kama mtu aliyeoneshwa ramani. Mama hakuruhusu yeyote afurahi. Daktari alikuja, akachukua kile kipande cha sikio, akaondoka na pikipiki yake ya kusindikiza maiti, na kwa mara ya kwanza Baba alimpigia kelele aongeze mwendo.

Baba hakumgusa ndama yule siku zote za kungoja. Alipita mbali naye, akajifanya ana kazi nyingi. Mama hakumpa jina.

Jibu lilipokuja, daktari hakushuka hata kwenye pikipiki. Alisimama mbele ya duka, injini inanguruma, akapaza sauti barabara nzima isikie: "Safi! Fundi, mtoto wako safi kabisa!"

Baba aliacha suruali ya mtu nusu imeshonwa. Akavuka korido, akapita jikoni, akaingia bandani na viatu vyake vya dukani, akainama mbele ya yule ndama mwekundu na kumnyooshea vidole amnuse. Ndama alimnusa, akafikiri kidogo, akamgeuzia mgongo na kumrushia teke la gotini. Baba akakaa chini kwenye majani mabichi, akashika goti lake, na akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Mama, amesimama na ndoo ya maziwa mkononi, akamwambia ainuke upesi kabla maziwa hayajapoa.